Mkeka wa yoga wenye picha ya mikoko: tuuchome?



Dada yetu mmoja anafanya kazi hotelini Watamu. Mgeni aliyekuwa akirudi kwao alimwachia mkeka wa yoga wenye picha ya mikoko na kasa akiogelea. Akatuma picha yake kwenye kundi letu la WhatsApp (amenipa ruhusa niandike), na wapendwa wakamshukia. "Uchome! Huo ni mlango wa mapepo!" Wengine wakamwambia aache na kazi yenyewe, maana kila alfajiri yeye ndiye anayewatandikia wageni mikeka hiyo ufukweni.

Nasema hivi, na anayetaka kunipinga aje na Biblia. Kasa aliumbwa na Mungu. Mikoko ya Mida aliiotesha Mungu. Picha zao hazigeuki kuwa mali ya shetani kwa kuchapishwa kwenye mpira. Mkiuchoma huo kwa sababu ya asili yake, kusanyeni na leso za mama zetu zenye nakshi ya korosho, maana nakshi hiyo nayo ilitufikia kutoka upande wa India na Uajemi.

Mmenitajia Matendo 19, vitabu vya Efeso vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Someni tena. Vilikuwa vitabu vya uganga, na waliovichoma ni wenyewe waliokuwa wakivitumia. Hakuna aliyeenda kuchoma cha jirani.

Yoga yenyewe sikufichi. Imetoka India na mizizi yake iko kwenye dini. Kuna madarasa ambayo watu huitikia majina ya miungu. Hapo, mpendwa, usiitikie. Wewe nenda ukapange taulo. Lakini kunyoosha mgongo uliochoka kwa kufua mashuka si ibada ya mungu yeyote. Paulo aliwaruhusu Wakorintho kula nyama ya sokoni bila kuuliza-uliza. Ila mtu akisema imetolewa kwa sanamu, waiache kwa ajili ya dhamiri ya huyo. Ni 1 Wakorintho 10. Kwa hiyo dada, usiulete mkesha ukamkwaza aliye mchanga katika imani. Nyumbani kwako, utandike.

Hili la "acha kazi" ndilo lililoninyima usingizi. Sisi wa Malindi tunajua neno "ni dhambi" linavyoweza kuua likitamkwa ovyo madhabahuni. Shakahola, 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Kabla ya njaa yalitangulia mahubiri ya kukataza shule na hospitali, na watu walisema amina. Ndiyo maana mimi siwezi kumwambia mama mwenye watoto aache mshahara kwa sababu ya picha ya kasa. Wewe uliyemwandikia aache kazi, umemtumia M-Pesa ya unga? Ada ya muhula ujao utalipa wewe?

Jumapili tunasoma Warumi 14 yote. Walioandika "uchome" nawaomba wakae viti vya mbele.