Elimu ya Mzee Ina Mwenyewe

Kuna wizi usiovunja mlango wala kutoboa ukuta, na aliyeibiwa aghalabu hana habari kwamba ameibiwa. Huo ni wizi wa elimu. Leo nataka tuzungumze juu ya wizi huo, na juu ya uongo ambao ni nduguye, kama unavyotokea katika majarida ya kitaalamu.

Huenda baadhi yenu mkauliza, "Majarida ya vyuo vikuu yatuhusu nini sisi watu wa Lamu, Malindi, Mombasa na Vanga?" Yatuhusu sana. Dawa tunywazo, chanjo wapigwazo wana wetu, na habari za mababu zetu wasomeshwazo watoto shuleni, nyingi zilianza kuwa makala katika majarida hayo. Kisima kikitiwa taka, hapana anywaye akasalimika.

Mtafiti akisha kuandika makala huyapeleka kwa mhariri wa jarida. Mhariri naye huwapa wataalamu wawili au watatu wa fani hiyo wayapime, na aghalabu mwandishi huwa hawajui ni nani. Hao hupekua hoja, hesabu na ushahidi, kisha hutoa rai: yachapishwe, yatengenezwe au yakataliwe. Utaratibu huu ni mwema, lakini una mwanya wake. Wapimaji huyaona yaliyoandikwa tu. Hawakuwapo kazi ilipokuwa ikifanywa. Kwa hivyo nguzo ya nyumba nzima ni amana.

Nguzo hiyo ikivunjika, madhara yake ni makubwa. Mwezi wa Februari 1998, jarida la The Lancet la London lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield na wenziwe 12. Makala hayo yalihusu watoto 12 tu, nayo yaliwatia watu shaka kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela huenda ikaleta usonji. Wazazi wa Uingereza wakaingiwa na khofu, wengi wakakataa kuwachanja watoto wao, na surua ikapata njia ya kurudi. Tangu 2004 mwandishi wa magazeti, Brian Deer, alianza kuyafichua yaliyokuwa yamefichwa: daktari yule alikuwa akilipwa na mawakili waliokuwa wakitayarisha kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo, na habari za wagonjwa zilizochapishwa hazikuwa sawa na zilizokuwamo katika mafaili yao. The Lancet iliyafuta makala hayo Februari 2010, na Mei mwaka huo huo jina la Wakefield likaondolewa katika daftari la madaktari wa Uingereza. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikwenda miaka 12. Na makala yakifutwa, khofu haifutiki.

Si kwamba hapana sheria. Mwaka 1978 wahariri wa majarida ya utabibu walikutana Vancouver, Canada, na kutokana na mkutano huo zikaja kanuni za nani astahiliye kuitwa mwandishi. Ni yule aliyeshiriki kwa dhati katika kazi, akashiriki katika kuiandika, akaikubali ilivyo, na akawa tayari kuijibia. Kuleta fedha peke yake, au kuwa mkubwa wa idara, hakumpi mtu haki ya kutia jina. Mwaka 1997 wahariri wa Uingereza waliunda kamati ya maadili ya uchapishaji, ambayo leo huwaongoza wahariri wa nchi nyingi.

Kwetu sisi tuliosomea chuoni, jambo hili si geni. Mwanafunzi wa hadithi haulizwi tu maneno yamesemwa vipi, bali huulizwa yamepokewa na nani, kutoka kwa nani. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, na wanazuoni wenziwe walimpima kila mpokezi: alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwa imara? Alikutana kweli na yule anayedai kupokea kwake? Sanad ikikatika, hadithi hushuka daraja. Na ijaza apewayo mwanafunzi na sheikhe ni ushahidi wa mlolongo huo huo wa elimu. Basi watu waliolelewa hivyo hawana budi kushangaa waonapo elimu ya mzee wao imechapishwa bila ya sanad.

Tazameni Mombasa yetu. Mashairi ya Muyaka bin Haji yangelipotea mengi, lau si Mwalimu Sikujua, aliyefariki 1890, kuyakusanya na kumfikishia mmishonari W. E. Taylor. William Hichens aliyatoa kitabuni mwaka 1940, huko Afrika Kusini. Wangapi wamjuao Muyaka leo wamjua na Sikujua? Na huko Lamu, Muhamadi Kijumwa kwa mkono wake aliwanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya, akina Alice Werner na Ernst Dammann. Hao wawili wana bahati; majina yao yalihifadhiwa. Ni wangapi walioishia kuitwa "mzee mmoja wa pwani"?

Na mambo hayo hayajakwisha. Mtafiti hufika na kinasa sauti chake, akakaribishwa barazani, akanyweshwa kahawa na kusimuliwa siku tatu. Baadaye jina lake huwa juu ya makala, na mzee hana hata nakala moja. Wako wasemao kwamba desturi ya utafiti ni kuficha majina. Ni kweli, pale ambapo kujulikana kutamletea mtu madhara au fedheha, au mwenyewe akitaka asitajwe. Lakini mtunzi, fundi wa jahazi au mjuzi wa tenzi hana la kufichwa. Aulizwe mwenyewe.

Yako na majarida ya biashara tupu, ambayo humtoza mwandishi fedha na kuchapisha kila kinacholetwa, bila ya mtu kukisoma. Hupata wateja kwa sababu wahadhiri hupandishwa vyeo kwa kuhesabiwa makala. Hata wakubwa wameingiliwa: mwaka 2023 kampuni ya Wiley ya Marekani ilifuta makala zaidi ya 8,000 katika majarida yake ya Hindawi, mengi kwa sababu upimaji wake ulikuwa wa hila. Mwenye kununua cheo kwa makala ya uongo atamfunza nini mwana wako?

Rai yangu ni hii. Mtafiti akija, mkaribisheni, kwani ukarimu ni desturi yetu, lakini mwulizeni: makala yatatoka wapi? Jina la mzee litatajwa? Nakala italetwa? Nanyi vijana wetu mlioko vyuo vikuu, mkiandika, mtajeni aliyewafunza kama mnavyomtaja profesa wa ng'ambo. Na wahariri wasiyapokee makala juu ya watu wa pwani kabla ya kuuliza elimu hiyo ilipokewa kwa nani. Kumtaja mwenye elimu hakumpunguzii mwandishi kitu. Kumnyamazia ni kula amana.