Samaki-simba sebuleni, nani atabaki naye?

Mwezi huu tupo mkoani Tanga, ila si mjini. Tunazungumzia zile ndoa za wikiendi: bibie yuko ofisini Korogwe, bwana kapangiwa kazi Handeni, mnaonana Ijumaa jioni. Sebule imepoa, mkaona muweke tangi la samaki. Na kwa kuwa mnapenda makubwa, mmemtamani samaki-simba, yule mwenye mistari myekundu na myeupe na mapezi yaliyotanda kama kanga iliyopigwa na upepo.

Kwao ni Bahari ya Hindi, pwani yetu ikiwemo. Shida ni kwamba ninyi mko bara, na yeye bila maji ya chumvi haishi.

Tuanze na hayo maji. Akikua anapita sentimita 30, hivyo tangi la maana ni la lita 400 hivi, yaani madumu 20. Kuyasomba kutoka baharini ni kasheshe. Njia nyingine ni kununua chumvi maalumu ya samaki wa baharini na kuichanganya na maji yasiyo na klorini, gramu 35 kwa lita. Ni kilo 14 kwa kujaza mara moja tu! Chumvi ya jikoni haifai, usijidanganye. Halafu kila wiki mbili mnabadilisha lita 40 hadi 60. Sasa fikiria Handeni, wilaya inayojulikana miaka nenda rudi kwa shida ya maji. Utamwaga ndoo tatu za maji huku jirani anasubiri bomba? Mimi ningeliweka Korogwe, karibu na mto Pangani, wala nisingebishana.

Kumbe basi mlezi ni bibie. Yeye ndiye atakayeona maji yamepungua kwa joto na kuongeza maji yasiyo na chumvi, maana maji yanapokauka chumvi inabaki tangini. Yeye ndiye atakayehangaika umeme ukikatika usiku, pampu zikanyamaza na hewa ikaanza kupungua majini. Bwana, hapo usiseme "samaki wetu" kama hujanunua pampu ya betri.

Kabla samaki hajaingia, tangi linahitaji kama wiki 4 hadi 6 ili bakteria wanaovunja uchafu wazaliane, la sivyo amonia itamuua. Chakula chake ni nyama: vipande vya kamba, ngisi na samaki wa baharini, mara mbili au tatu kwa wiki akishakua. Msimzoeshe vijisamaki vya mtoni, vinamdhoofisha. Na msimwekee mwenzake mdogo kwa ajili ya pambo, chochote kinachoenea mdomoni anakimeza.

Sasa miiba. Mgongoni anayo 13 yenye sumu, na mingine tumboni na karibu na mkia. Mlisheni kwa koleo refu, mkono usiingie. Akikuchoma, maumivu si mchezo: tumbukiza kidonda kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kama nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Mwenzio ayapime kwanza kwa mkono wake, kisha hospitali. Kifua kikibana, msisubiri maji yachemke, nendeni. Mtu anayeishi peke yake Jumatatu hadi Ijumaa alifikirie hilo vizuri, na msichana wa kazi aelezwe pia.

Tena anaweza kuishi miaka 10 na zaidi. Uhamisho ukija, msimpeleke baharini Tanga kumwachia, hata kama ni kwao, maana anaweza kubeba magonjwa ya tangini. Huko Florida, Marekani, alionekana mara ya kwanza mwaka 1985, na inaaminika alitoka kwenye matangi ya watu. Leo ametapakaa Karibea nzima akimaliza samaki wadogo. Muulizeni muuzaji kama atampokea tena, na mmuulize kabla hamjalipa.