Malezi Mema Hayakuwaokoa Watu wa Tuskegee

Mwandishi mmoja wa safu ya maoni anadai kwamba maadili hufunzwa nyumbani, na anayesomea maadili ya tiba na utafiti chuo kikuu anachoma ada ya wazazi kwa shahada isiyo na ajira. Nayakataa yote mawili.

Kuanzia 1932, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende huko Tuskegee, Alabama, bila kuwaambia ugonjwa wao. Penisilini ilipothibitika kuwa tiba, katika miaka ya 1940, hawakupewa. Hali iliendelea hivyo hadi 1972, magazeti yalipofichua. Madaktari wale nao walilelewa na wazazi, tena wengine, naamini, kwa adabu kubwa. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kuuliza: mgonjwa huyu ameridhia nini hasa? Anajua kwamba anaweza kukataa? Maswali hayo yana elimu yake, na kuwaamkia wakubwa vizuri hakuyajibu.

Kuhusu ajira, nchini Tanzania utafiti wa afya unaohusisha watu huhitaji kibali cha kamati ya maadili; ile ya kitaifa iko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Lazima awepo wa kuisoma fomu ya ridhaa na kupima kama mama wa kijijini ataielewa, na kuuliza nani atamtibu akidhurika. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) kinafundisha shahada ya uzamili katika fani hiyohiyo.

Mwandishi huyo amepatia jambo moja: somo hili likifundishwa kwa kukaririsha, halimfai mtu. Basi adai walimu bora na kesi halisi madarasani, asidai kwamba ni kuchoma ada.