Kosa Liliingia Wapi? Maoni Juu ya Kufundisha Aina za Makosa ya Utoaji Dawa

Sisi tuwafundishao wanachuo wa famasia tumezoea kuwakaririsha orodha: dawa isiyo yake, nguvu isiyo yake, maelekezo yasiyo sahihi, mgonjwa asiye mwenye cheti. Mwanachuo huishika orodha barabara, lakini siku ya mtihani wa leseni huletewa kisa, akababaika. Lawama ni yetu kabla haijawa yake.

Tuchukue methotreksati, ambayo mgonjwa wa baridi yabisi huimeza mara moja tu kwa juma. Vidonge vyake vipo vya miligramu 2.5 na vya miligramu 10. Cheti kimeagiza miligramu 10 kwa juma, yaani vidonge vinne vidogo. Mtoaji dawa akitoa vinne vikubwa, mgonjwa atameza miligramu 40: hilo ni kosa la nguvu ya dawa, lililozaliwa rafuni. Akitoa vidonge sahihi lakini akaandika "kila siku", ni kosa la lebo. Ikiwa tabibu ndiye aliyeandika "kila siku", kosa ni la uandishi wa cheti, na mtoaji dawa aliyekipitisha bila kuuliza ana kosa lake la kutohakiki. Na mgonjwa aliyeelekezwa vyema, kisha akameza kila siku, amefanya kosa la matumizi.

Katika visa vyote hivi mgonjwa amezidishiwa dawa. Uboho wa mifupa yake huweza kuharibika, naye huweza kufa. Hapa ndipo watahiniwa wanapojikwaa: huainisha kosa kwa madhara yake, hali madhara ni mamoja. Aina ya kosa hujulikana kwa mahali lilipoingilia.

Kwa hiyo napendekeza mwalimu aweke mezani vitu vitatu: cheti, chombo cha dawa na lebo. Mwanachuo alinganishe kwanza cheti na chombo, kisha cheti na lebo, kisha akipime cheti chenyewe kwa ugonjwa na umri wa mgonjwa. Vyote vikiwa sawa, ndipo aulize mgonjwa alivyoitumia dawa. Jina la kosa litajwe mwisho, baada ya mahali pake kuonekana.

Wako watakaosema kwamba muda hautoshi, na kwamba majina yanatosha kumfaulisha mtu. Lakini jina lisiloonyesha mahali halionyeshi tiba. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilimtaka tabibu aandike kwenye cheti siku ya juma ya kumeza methotreksati, na mtoaji dawa aiandike siku hiyo kwenye pakiti inapowezekana. Kila mlango uliwekewa kufuli lake.

Leseni humfikisha mwanachuo wetu dirishani, mbele ya mgonjwa asiyeweza kumsahihisha. Tumfundishe kutafuta mlango wa kosa kabla ya kulipa jina.