Koleo Limevunjika, Uhunzi Ungalipo

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, magazeti huchapa picha za vijana waliotia fora, na wazazi wao hupongezwa na majirani. Ni haki yao, kwa kuwa wamejitahidi. Lakini wako vijana wengi ambao majina yao hayamo katika orodha ya waliofaulu wala ya walioshindwa, kwa sababu siku ya mtihani hawakuwapo. Mmoja alitoka shule akiwa kidato cha pili baada ya kufiwa na baba yake. Alikuwa mtoto mkubwa, na nyumbani walibaki wadogo wa kulishwa. Wa pili ni binti aliyepata mimba. Wa tatu alichoshwa na mwendo wa kilomita nyingi kwa miguu, asubuhi na jioni, tumbo likiwa tupu. Wa nne, tuseme kweli, alikuwa mtoro tu, akavutwa na fedha ndogondogo za mjini.

Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Hatua hiyo imewafungulia mlango watoto wengi wa wakulima na wafanyakazi. Hata hivyo, ada haikuwa gharama pekee. Iko sare, yako madaftari, iko nauli, kiko chakula cha mchana, na uko mkono wa kijana unaotakiwa shambani wakati wa palizi. Kwa hiyo wapo, na kwa muda wataendelea kuwapo, vijana wanaotoka shule kabla ya wakati. Je, maisha yao yamekwisha? Wahenga wamekwisha kutujibu: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi aliyevunjikiwa na koleo hana budi kutafuta koleo jingine, na wenziwe wenye vyuma yawapasa wamsaidie.

Katika jambo hili twasikia uongo wa aina mbili. Wa kwanza husemwa vibarazani: kwamba aliyeacha shule hafai kitu. Mzazi humtamkia mwanawe neno hilo mbele ya wageni, na mtoto, kwa kuwa limetoka kinywani mwa mzazi, huliamini. Wa pili huenezwa kwa simu za mkononi: kwamba shule haina maana, kwani matajiri wakubwa wa dunia waliiacha. Hutajwa hasa Bill Gates wa Marekani. Wanaomtaja husahau kusema kwamba alichoacha, mwaka 1975, ni chuo kikuu cha Harvard. Sekondari alikuwa amekwisha kuimaliza, tena katika shule ya kulipia ambako wanafunzi walitumia kompyuta wakati shule nyingi hata za Marekani hazikuwa nazo. Na baba yake alikuwa mwanasheria. Biashara yake ingeharibika, alikuwa na mahali pa kurudi. Kijana wa Nzega aliyeacha kidato cha tatu hana mahali hapo. Kumwambia amwige tajiri huyo ni kumwambia aruke mto kwa sababu mwenziwe amevuka kwa daraja.

Afadhali tumtazame mtu wa karibu, mwana wa mfanyakazi wa Afrika Mashariki. Tom Mboya wa Kenya alizaliwa mwaka 1930, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa shamba la mkonge. Alisoma katika shule za misheni hadi Mang'u, lakini fedha za kumfikisha kwenye mtihani wa mwisho wa sekondari hazikupatikana, kwa kuwa wadogo zake nao walitakiwa kusoma. Mwaka 1948 akaingia chuo cha mabwana afya, ambako mwanafunzi hakudaiwa ada bali alipewa posho. Akahitimu, akaajiriwa na halmashauri ya jiji la Nairobi.

Huko kazini aliona kwamba bwana afya Mwafrika alilipwa chini ya Mzungu kwa kazi ile ile. Hakukaa pembeni akinung'unika. Alishirikiana na wenziwe wakaunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Masomo hakuyaacha, alijisomea kwa njia ya posta. Mwaka 1955 akaenda Ruskin College mjini Oxford, chuo kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi waliokosa nafasi ya kusoma. Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Na mwaka 1959, yeye aliyekosa fedha za shule, alikuwa mstari wa mbele katika mpango uliowapeleka wanafunzi 81 kwa ndege kwenda kusoma katika vyuo vya Marekani. Aliuawa mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38.

Hatusemi kwamba kila aliyeacha shule atakuwa waziri. Watu wa namna ile ni wachache hata miongoni mwa waliomaliza vyuo vikuu. Tunachotaka kionekane ni utaratibu alioufuata, maana unaweza kufuatwa na mtu wa kawaida: alishika kazi yenye ujuzi, akaendelea kusoma, akaungana na wenziwe, kisha akawavuta wengine. Mambo hayo manne yanawezekana hapa petu leo.

La kwanza ni kazi yenye ujuzi. Kuendesha pikipiki ya abiria, kubeba mizigo Kariakoo, kuuza maji stendi, zote ni kazi halali nasi hatuzidharau. Lakini kijana ajiulize kila jioni kama leo amejifunza jambo ambalo jana hakulijua. Ikiwa mwaka mzima jibu ni hapana, basi anauza nguvu zake tu, na nguvu huisha. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na zipo fani zake ambazo hazimdai mtu cheti cha kidato cha nne. Tena uko utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Fundi aliyejifunza samani Keko, au magari katika gereji ya chini ya mwembe, anaweza kupimwa kwa vitendo, na akifaulu akapewa cheti bila kuanza darasani upya. Mafundi wetu wengi hawaujui utaratibu huu. Matawi ya vyama vya wafanyakazi na viongozi wa mitaa yawapasa kuutangaza.

La pili ni kuendelea kusoma. Aliyekatiza sekondari anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani, na akifaulu akajiandikisha kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, ina masomo kwa ajili ya watu wa namna hii. Na kwa mabinti kuna habari kubwa zaidi. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa, na mlango wa shule ya serikali ukafungwa nyuma yake, hali aliyempa mimba mara nyingi akiendelea na mambo yake. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi. Ruhusa imetolewa, nani atamlea mtoto wakati mama yake yuko darasani? Hapo ndipo bibi, shangazi na majirani wanapotakiwa. Amri ya serikali haibembelezi mtoto mchanga.

La tatu ni umoja. Sheria ya fedha za serikali za mitaa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa taratibu mpya. Na tusisahau funzo lake: kikundi kinachochukua fedha na kutawanyika huwa kimewaibia vijana wa mwaka utakaofuata. Kijana mmoja mwenye randa ni fundi. Vijana watano wenye randa, daftari la hesabu na uaminifu ni karakana.

La nne, nalo ndilo linalotuhusu sisi tulio na kazi, ni kuwavuta wengine. Hapa twataka kusema wazi, hata kama wengine watakasirika. Wako mafundi wanaopokea wanagenzi na kuwafanya watumishi. Kijana huenda kununua chai, huosha magari, hufagia. Mwaka wa pili unaingia hajaonyeshwa injini ikifunguliwa. Fundi humficha kazi kwa kuogopa kwamba kesho atafungua karakana ng'ambo ya barabara. Huo ni unyonyaji, sawa na ule wa tajiri anayezuia mshahara, kwa kuwa mshahara wa mwanagenzi ni ujuzi, na fundi huyo anauzuia. Yafaa kila fundi anayempokea kijana waandikiane mapatano mbele ya mzazi: atajifunza nini, kwa muda gani, atapata posho gani, na akiumia nani atamtibu. Karatasi moja yatosha. Na asipokelewe mtoto mdogo: sheria ya ajira ya mwaka 2004 imekataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na huyo mahali pake ni shule.

Waajiri nao wana sehemu yao. Haifai kudai cheti cha kidato cha nne kwa kazi ambayo kipimo chake ni mkono. Anayetaka mwashi na ampe matofali aone ukuta wake. Anayetaka mshonaji na ampe kitambaa. Kumkataa mtu anayeijua kazi kwa sababu hana karatasi ambayo kazi haiihitaji ni kuipotezea nchi mfanyakazi, na ni kumfundisha kijana kughushi vyeti.

Wazazi, twawaombeni mlifute neno "umeshindwa" majumbani mwenu. Mtoto aliyetoka shule aulizwe sababu kwanza, kisha atafutiwe njia. Ikiwa anaweza kurudi, na arudi, na familia nzima imbebe. Ikiwa hawezi, apelekwe kwa fundi mwaminifu kabla hajazoea kukaa kijiweni.

Na ninyi vijana wenyewe, msidanganywe na yeyote kwamba njia yenu ni rahisi. Ni ndefu kuliko ya wenzenu waliomaliza, na milima yake ni mingi. Mtaamka mapema zaidi, mtaanzia chini zaidi, na mara nyingi mtaulizwa cheti msichokuwa nacho. Ulio bado shuleni na unafikiri kuiacha, usiiache. Anayevunja koleo lake kwa makusudi hatafuti uhunzi. Lakini wewe uliyekwisha kuiacha, shika kazi moja, ijue hadi mzizi wake, soma kila jioni hata kurasa mbili, weka akiba hata ndogo, na usione haya kufundishwa na mtu mdogo kuliko wewe.

Kila mwanachama na kila mfanyakazi asomaye maneno haya anamjua angalau kijana mmoja wa namna hii, nyumbani kwake au nyumba ya pili. Tunamwomba afanye jambo moja juma hili: amwendee, amwulize yuko wapi, anajifunza nini, na nani anamfundisha. Akikosa jibu la swali la tatu, basi mwalimu anayetafutwa huenda ni yeye mwenyewe.