Gambusia, Samaki Mla Mbu

Mkulima achimbaye bwawa la kunyweshea ng'ombe wake hupata maji, na pamoja na maji hupata mbu. Basi si ajabu kwamba watu wa nchi nyingi wamemsifu samaki mmoja mdogo aitwaye gambusia, ambaye yasemekana kazi yake ni kula viluwiluwi wa mbu. Sifa hizo zafaa kupimwa kabla mtu hajamtia samaki huyo katika maji yake.

Kwao gambusia ni kusini ya Marekani na Meksiko, katika mito na vinamasi vya nchi zipakanazo na Ghuba ya Meksiko. Dume ni mdogo mno, urefu wake sentimeta 3 au 4 tu. Jike hufikia sentimeta 6 hivi. Rangi yake ni ya kijivu, wala hana uzuri wa kumfanya mtu asimame amtazame. Jina lake alipewa mwaka 1854 na Felipe Poey, mtaalamu wa samaki wa kisiwa cha Kuba, kutokana na neno la wenyeji wa huko, gambusino, maana yake kitu kisicho kitu. Mvuvi aliyerudi nyumbani mikono mitupu walimdhihaki kwamba alikwenda kuvua gambusino.

Ajabu yake imo katika kuzaa. Samaki wengi hutaga mayai majini, lakini gambusia hatagi. Pezi moja la chini ya tumbo la dume limerefuka likawa kama kijiti chembamba, na kwa hilo huingiza mbegu katika mwili wa jike. Mayai hukua ndani ya jike, na baada ya majuma 3 au 4 watoto hutoka wakiwa hai, kila mmoja ukubwa wake kama punje ya mchele, nao huogelea papo hapo. Mzao mmoja huwa na makumi ya watoto, na jike mkubwa aweza kupita mia. Zaidi ya hayo, jike huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi, akazaa tena na tena bila ya kukutana na dume mwingine. Kwa hiyo jike mmoja mwenye mimba, akimwagwa bwawani na maji ya ndoo, aweza kuanzisha kabila zima. Mmoja wa wanaowapunguza watoto hao ni mama yao mwenyewe, maana huwala akiwapata.

Kinywa cha gambusia kimeelekea juu, naye hukaa karibu na uso wa maji, mahali pale pale viluwiluwi waning'iniapo ili kuvuta hewa. Kwa sababu hiyo mwaka 1905 samaki hawa walichukuliwa kutoka Texas mpaka visiwa vya Hawaii. Mwaka 1921 wakafika Hispania, mwaka uliofuata Italia, na mwaka 1925 Australia. Walioyafanya hayo hawakuwa wajinga. Siku zile malaria iliua watu wengi hata Ulaya, na dawa ilikuwa kwinini. Samaki ajizalishaye mwenyewe alionekana kuwa mtumishi asiyedai mshahara.

Lakini mtumishi huyo hakushika kazi aliyoajiriwa. Gambusia hula viluwiluwi, ni kweli, ila hula pia mayai na watoto wa samaki wengine, na watoto wa vyura, na hata wadudu wa majini ambao wao wenyewe hula viluwiluwi. Samaki waliomzidi kimo huwauma mapezi. Huko Queensland, Australia, kwenye chemchemi za Edgbaston, yuko samaki mdogo mwenye mapezi mekundu ambaye asili yake ni hapo tu, hapatikani penginepo duniani. Gambusia alipoingia katika chemchemi zile, mwenyeji alitoweka moja baada ya nyingine, hata ikabidi wachache waliosalia wahamishiwe penye maji yasiyo na mgeni huyo. Kumwondoa gambusia mahali alipokwisha kuzaliana ni kazi ngumu kupita kumleta.

Tena yafaa kukumbuka tabia ya mbu wa Afrika. Mmoja wa wale waenezao malaria sana hupenda kutaga katika vidimbwi vidogo vilivyo juani: alama za kwato za ng'ombe, mashimo ya kufyatulia matofali, maji yatuamayo kando ya njia. Vidimbwi hivyo hukauka baada ya siku chache, na samaki hawezi kuishi humo, awe wa Marekani au wa hapa. Dawa yake ni jembe na udongo wa kufukia.

Kwa bwawa lenyewe kuna samaki mwingine. Huko Kisii wachunguzi walitia tilapia, ambaye Wajaluo humwita ngege, katika mabwawa ya samaki yaliyokuwa yameachwa na wenyewe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2007: baada ya majuma 15 mbu wa malaria walikuwa wamepungua kwa zaidi ya 94 katika kila 100, hali katika bwawa lisilotiwa samaki waliendelea kuongezeka. Na tilapia akikua, mwenye bwawa humla au humpeleka sokoni.