Usimhukumu Mtoto kwa Rangi ya Picha

Juma hili ukurasa wetu wa nyumbani unayaacha kidogo mambo ya jiko na ushonaji, ukageukia kifaa ambacho siku hizi hakikosekani hata katika nyumba ya chumba kimoja kambini: simu yenye kamera. Sababu ni kisa kilichotokea mlangoni pangu.

Jirani yangu, mke wa askari aliyekuwa kazini Somalia, alijifungua mtoto wa kiume. Siku ya tisa dada yake aliwapiga picha, mama ameketi katikati ya kitanda, mtoto amelazwa pembeni juu ya shuka jeupe. Picha ikapelekwa kwa baba. Kabla jua halijatua simu ikalia, lakini baba hakuwa na shangwe. Aliuliza, "Mbona mtoto ana manjano? Mmempeleka hospitali?" Usiku ule hakulala mtu, si huku wala kule. Asubuhi yule mama akanijia. "Mwalimu, hebu tazama. Mtoto ni mgonjwa, au mimi ndiye nisiyeona?"

Nikamjibu, "Mama, twende zahanati kwanza, mengine baadaye." Mganga alimtazama mtoto karibu na dirisha, akakagua weupe wa macho na ngozi, akasema ni mzima. Ndipo tulipoirudia ile picha kwa utulivu. Shuka lilikuwa jeupe katikati, lakini kuelekea pembeni lilikuwa na rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani. Shuka haliugui manjano. Kosa lilikuwa la picha.

Je, kosa hilo latoka wapi? Nyuma ya lenzi ya kamera kuna kisahani cha silikoni chenye mamilioni ya vidirisha vidogo. Katika simu nyingi za sasa, kila kidirisha kina upana wa mikroni 1 hivi, na unywele wa mtu una upana wa mikroni 70 hivi. Kidirisha chenyewe hakijui rangi, hupima wingi wa mwanga tu. Kwa hiyo juu yake huwekwa kichujio: kimoja chekundu, kingine cha kijani, kingine cha buluu. Mpangilio unaotumika zaidi ulibuniwa na Bryce Bayer, mhandisi wa kampuni ya Kodak ya Marekani, aliyepewa hati ya uvumbuzi huo mwaka 1976. Nusu ya vichujio vyake ni vya kijani, robo vyekundu na robo vya buluu, kwa kuwa jicho la binadamu hutambua mambo madogo madogo zaidi kwa msaada wa mwanga wa kijani. Kisha kamera hukadiria rangi zinazokosekana katika kila kidirisha kwa kuwatazama majirani zake.

Sasa fikiri umepanga ndoo nyingi uwanjani, zimegusana, na juu yake umetandaza vitambaa vinavyochuja rangi, kila ndoo na kitambaa chake. Mvua ikinyesha wima, maji yaliyopita katika kitambaa chekundu huingia katika ndoo iliyo chini yake. Upepo ukivuma, mvua huja mshazari. Maji yaliyopita katika kitambaa chekundu huangukia ndoo ya jirani iliyongojea kijani, na hesabu zote huharibika.

Mambo ndivyo yalivyo ndani ya simu. Kwa kuwa simu ni nyembamba, lenzi yake iko karibu mno na kisahani. Katikati mwanga hufika wima, lakini pembeni huinama nyuzi 30 au zaidi. Tena, mwanga mwekundu huzama ndani ya silikoni kuliko wa buluu, hivyo hupata nafasi zaidi ya kupotea njia na kuingia kwa jirani. Kuna pia kioo kinachozuia mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Mwanga ukikipitia mshazari, aina fulani za kioo hicho hukata na sehemu ya wekundu. Ngozi iliyonyimwa wekundu huonekana imeugua.

Wahandisi hawakukaa kimya. Kwanza, juu ya kila kichujio waliweka lenzi ndogo sana, na zile za pembeni wakazisogeza kidogo kuelekea katikati, ili ziupokee mwanga unaoinama na kuuelekeza mahali pake. Kamera ya Leica M8 ya mwaka 2006 ilitumia njia hiyo. Pili, walikigeuza kisahani. Hapo zamani nyaya zilikaa kati ya vichujio na silikoni, na mwanga ulipita kama katika shimo refu. Nyaya zilipohamishiwa nyuma, vichujio vilishuka karibu na silikoni, kama vitambaa vilivyoshushwa hadi midomoni mwa ndoo. Kampuni ya Sony ilianza kuuza kamera za namna hiyo mwaka 2009. Tatu, walijenga kuta nyembamba kati ya kichujio na kichujio, wakachimba na mitaro ndani ya silikoni yenyewe, ili mwanga na umeme wake visivuke mpaka.

Kosa linalobaki husahihishwa kwa hesabu. Kiwandani kamera hupigishwa picha ya kitu cheupe kitupu, na tofauti ya katikati na pembeni huwekwa katika kumbukumbu yake. Lakini hesabu iliyofaa kwa jua huenda isifae kwa taa ya chumbani, na simu za bei nafuu mara nyingi huonyesha udhaifu hapo.

Basi nyumbani tufanye nini? Mweke unayempiga picha katikati. Ikiwa watu ni wengi, rudi nyuma hatua mbili tatu, pembeni pabaki patupu. Piga kwa mwanga wa mchana, karibu na dirisha au kivulini, wala usichanganye mwanga huo na wa taa. Epuka ukuta uliopakwa rangi kali, kwa maana nao hurushia ngozi rangi yake. Futa lenzi kwa kitambaa laini. Weka karatasi nyeupe kando ya uso. Karatasi ikitoka na rangi ngeni, ujue na ngozi imepakwa rangi hiyo hiyo. Askari polisi anayepiga picha ya nguo au gari la ushahidi naye atanufaika na karatasi hiyo.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili. Picha mbaya isikutie hofu bure, na picha nzuri isikupumbaze. Mtoto mchanga ukimwona macho au ngozi ina umanjano, mpeleke kwa mganga siku hiyo hiyo, hata kama picha yake inang'aa kama ua.

Jioni ile tulipiga picha nyingine, mtoto katikati, dirisha likiwa wazi. Baba alijibu kwa maneno machache: "Sasa nimemwona mwanangu." Hadi juma lijalo, kwaherini.